Jibu: Chevelle SS 396 ya 1970 "haijaguswa", dola 52,000. Ninunue?

Mkuu, tangazo nimelisoma na picha zako nimezikuza moja moja. Kwa wadau wanaoingia sasa hivi: mwenzetu yuko Dayton, Ohio, ameona Chevrolet Chevelle SS 396 ya mwaka 1970, nyekundu yenye mistari myeusi (SS ni Super Sport, toleo la nguvu la Chevelle, na 396 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo). Muuzaji anadai ni ya asili, haijaguswa, imetembea maili 41,000, anataka dola 52,000 na eti kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi. Anauliza kama inanunulika, na kama akistaafu anaweza kurudi nayo Dar.

Mimi ni mtu wa bodi na rangi, nafanya kazi kwenye gereji ya magari ya zamani hapahapa Ohio. Bosi hunituma kumkagulia mteja gari kabla hajatoa hela, kwa hiyo Chevelle nimezilalia chini nyingi. Nakwambia ukweli: sehemu kubwa ya hiyo 52,000 hulipii chuma, unalipia herufi mbili, SS, zilizoko kwenye grili. Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, ya mwaka huohuo, umbo hilohilo, ikiwa na V8 ya kawaida, bei yake iko chini sana. Na kuigeuza Malibu ionekane SS ni kazi ya spana tu: grili nyeusi, boneti yenye kinundu, beji, stika, basi. Wengi waliofanya hivyo hawakuwa matapeli, walitaka gari lao lipendeze. Shida inakuja kwa mmiliki wa tatu au wa nne anayeuza kimyakimya.

Mwanya huo waliuacha wenyewe kiwandani. Kuanzia 1966 hadi 1968, SS 396 ilikuwa na namba yake ya chesisi. Chesisi ikianza na 138 ujue ni SS, ubishi umekwisha. Mwaka 1969 wakaifanya SS kuwa kifurushi cha kuagiza juu ya gari la kawaida. Kwa hiyo ya 1970, ya milango miwili isiyo na nguzo katikati, chesisi inaanza na 13637, inafuata 0 ya mwaka, kisha herufi ya kiwanda (B ni Baltimore, K ni Kansas City, R ni Arlington kule Texas), halafu tarakimu sita. Malibu ya V8 ndogo nayo inaanza hivyohivyo! Hivyo muuzaji akikwambia "namba ya chesisi inathibitisha ni SS", hapo ama hajui anachouza ama anakuona mgeni.

Wenzao wa Marekani, Dodge, walikuwa waungwana zaidi. Charger R/T ya 1968 au 1969 inaanza na XS29, na herufi ya tano inakutajia injini: L ni 440 Magnum, J ni 426 Hemi. Unachungulia tu kwenye kioo cha mbele unasoma. Pontiac GTO nayo, kuanzia 1966, inaanza na 242, na ipo huduma inaitwa PHS ambayo ukiilipa inakutolea nakala ya kumbukumbu za kiwanda za gari yako. Kwa Chevrolet iliyouzwa Marekani enzi hizo hakuna pa kuuliza. Iliyouzwa ikiwa mpya Kanada, General Motors (kampuni mama ya Chevrolet) wa Kanada wana kumbukumbu. Sasa ya kwako ni ya Ohio, kwa hiyo sahau.

Kinachobaki ni karatasi. Kila gari ilisafiri kiwandani na karatasi yenye orodha ya vitu vya kuifunga, na mafundi walikuwa wakiiacha juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za siti. Hiyo ndiyo ya kuuliza kabla ya kitu kingine chochote. Kwa 1970 unatafuta alama Z25, ndiyo SS 396. Z15 ni SS 454, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Zenye injini ya LS6 ya farasi 450 hazikufika 5,000, ukiiona kwa dola 52,000 kimbia, hiyo ni feki. Kitu kingine cha kuuliza ni Protect-O-Plate, kile kibati kidogo cha dhamana kilichokaa kwenye kijitabu cha mwenye gari, kimegongwa namba ya chesisi pamoja na alama za injini, gia boksi na difu. Karatasi ya bei ya dirishani usiitegemee, zinachapishwa upya kila siku na zinapendeza kuliko za zamani.

Sasa njoo kwenye injini. Mbele, chini ya silinda hedi ya upande wa abiria, kuna uso bapa mdogo. Chukua tochi na tambara, safisha grisi taratibu, usikwangue. Utakuta mistari miwili ya namba. Mmoja unaanza na T, maana injini hizi kubwa ziliundwa Tonawanda, New York, ikifuatiwa na mwezi, siku na herufi tatu za aina ya injini. Mwingine ni kipande cha chesisi: kama gari ni ya Baltimore utasoma 10B na zile tarakimu sita za mwisho. Zikilingana na za namba ya chesisi iliyoko juu ya dashibodi, bei inapanda.

Ila kulingana peke yake hakutoshi, kwa sababu nyundo na herufi za chuma zinauzwa dukani. Kuna moja niliikagua Kentucky, ya mzee mmoja mpole sana, chai tulikunywa na kila kitu. Namba zililingana. Lakini ule uso ulikuwa laini mno, na kiwandani mashine huuacha na vimistari vyembamba vilivyopangana. Mzee akasema injini ilishafanyiwa ovahoo na ikachongwa juu, na kweli kuchonga hufuta ile mistari, kwa hiyo sikumbishia. Nikazunguka kutafuta tarehe iliyomiminwa kwenye bloku yenyewe, ile haigongwi, inatoka na chuma. Mwezi wake huandikwa kwa herufi, A ni Januari. Hapo palikuwa na E, yaani Mei. Nikarudi kwenye kibati kilichopigwa riveti kwenye ukuta wa nyuma ya injini, kile kinachotaja rangi ya kwanza, vitambaa vya ndani na wiki gari ilipoundwa. Kikasema 02C, wiki ya tatu ya Februari. Bloku imemiminwa miezi mitatu baada ya gari kutoka kiwandani! Nikampigia bosi, bosi akampigia mteja, ofa ikashuka, mzee akaikataa, tukaagana vizuri. Sidhani kama yeye ndiye aliyegonga zile namba.

Usishtuke pia fundi akikwambia "396" yako ina ujazo wa inchi 402. Mwaka 1970 waliongeza kipenyo cha silinda kidogo, beji wakaiacha ileile kwa sababu jina lilikuwa limeshauza. Hapo hujapigwa.

Kwenye picha zako nimeona dashibodi ya saa za duara. Vizuri, ndiyo ya SS, Malibu ya kawaida ilikuwa na spidomita ya mstari mrefu wa kulala. Ila dashibodi hubadilishwa. Picha ya chini ya gari ndiyo iliyonifanya nikae vizuri. Difu ni ya bolti 12 kama inavyotakiwa, lakini fimbo ya stebilaiza ya nyuma siioni, na SS ya 1970 ilitoka na sasipenshen ya F41 yenye hiyo fimbo. Breki za disk mbele nazo ni lazima ziwepo. Huenda kuna aliyewahi kuifungua stebilaiza asiirudishe. Muulize, umsikilize anavyojibu.

Rangi sasa, na hapa nipo nyumbani. Mwaka 1970 General Motors walipaka lakka ya akriliki, rangi yenyewe bila koti la uwazi juu. Koti la uwazi kwenye magari yao ni mambo ya baadaye sana. Chukua kitambaa cheupe na polishi kidogo, mwombe mwenye gari ruhusa, sugua sehemu iliyojificha, kwa mfano ndani ya mlango. Kitambaa kikitoka chekundu, bado inaweza kuwa rangi ya kwanza. Kikitoka cheupe, ina koti la uwazi, na maneno "haijaguswa" yafutwe kwenye tangazo leo hii. Mimi kwenye picha ya ubavuni naona mti wa jirani ukijitazama mpaka majani. Lakka ya miaka hamsini na kitu haing'ai hivyo. Huwa imefifia juu ya boneti, kwenye kingo imekonda mpaka praima inachungulia, na mara nyingi ina nyufa ndogondogo. Kwa anayejua, gari lenye rangi yake ya kwanza iliyochakaa kwa heshima lina thamani kuliko lililopakwa upya likang'aa.

Na kwa nini nasisitiza rangi? Kwa sababu chini yake ndiko kuna kutu, na huku kwetu Ohio chumvi humwagwa barabarani kila majira ya baridi. Fungua buti, ng'oa zulia, angalia sakafu na vile vishimo viwili vya pembeni nyuma ya matairi. Pitisha vidole chini ya kioo cha nyuma kwenye kona zake, maji hukaa humo yakala chuma kutokea ndani. Chini ya mabawa ya mbele, nyuma ya tairi, majani na tope hujazana. Kisha lala chini uangalie chesisi inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma, gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize. Beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Mahali isiposhika ni puti. Kipimo cha unene wa rangi ni bora zaidi kama unaweza kukiazima. Injini nzima ya Chevelle utaipata, vipuri vyake vinatengenezwa upya na vimejaa. Bodi iliyooza itakumaliza, na mimi ninayekutoza hela hiyo nakwambia.

Maili 41,000: spidomita ile ina tarakimu tano tu, ikifika 99,999 inaanza upya. Inaweza kuwa 141,000. Hati ya umiliki haitakusaidia, kwa gari la umri huo sehemu ya maili huandikwa kwamba haihusiki. Tazama mpira wa pedali ya breki, kona ya siti ya dereva anapoingilia, na uinue mlango wa dereva ukiwa wazi uone kama bawaba zinacheza. Vitu hivyo vikiwa vipya kabisa, navyo uliza kwa nini.

Mengine ni madogo. Mwambie asiiwashe kabla hujafika, unataka kusikia inavyoamka ikiwa baridi na kuona moshi wa mwanzo. Mipira ya mafuta iwe imebadilishwa, ethanoli ya siku hizi inaila ile ya zamani na gari huungua. Injini hizi zinataka oili yenye zinki ya kutosha, ukimimina ya gari mpya kamshafti inaliwa. Tairi zisome tarehe, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, usidanganywe na kashata nene.

Bei: akikuonyesha karatasi yenye Z25 na tarehe zikakaa sawa, zungumza naye ateremke kidogo kwa ajili ya rangi, maana naamini imeshapakwa. Asipokuwa na karatasi, kwako iwe ni Malibu yenye injini kubwa, na umpe bei ya Malibu yenye injini kubwa. Gari ya namna hiyo si dhambi kuimiliki, inanguruma vilevile na hutaogopa kuiegesha sokoni. Huyo wa Jumamosi mwache aje. Kila tangazo lina mtu wa Jumamosi.

Dar sikushauri. Kuitoa Marekani si tabu, forodha yao wanataka hati halisi na gari vifike bandarini saa 72 kabla ya kusafirishwa. Lakini ukifika, stelingi iko kushoto nasi tunaendesha kushoto. Kulipita lori barabara ya Morogoro utahitaji abiria wa kukuchungulilia. Mafuta inakula lita moja kwa kilomita nne au tano. Na kila gasketi utaisubiri kutoka hukuhuku. Iache Ohio, ikatie bima ya thamani mliyokubaliana mapema, siyo ile ya kawaida inayokadiria baada ya ajali.

Kabla hujaenda kuiona, mwombe picha nne uziweke hapa: kibati cha nyuma ya injini, ule uso bapa wa namba baada ya kufutwa, tarehe ya bloku, na sakafu ya buti zulia likiwa limetolewa. Akikataa ya buti tu, niambie.