Re: Protini za VVU zinafikaje kwenye utando wa seli?

Ndugu yangu, umeuliza kirusi kisicho na hata ribosomu (vijiwanda vya kuunda protini) kinasafirishaje protini zake. Hakisafirishi, seli ndiyo inayozibeba.

Chukua gp160, protini ya VVU inayotengeneza miiba yake ya nje. Mwanzoni ina kipande cha asidi amino kinachofanana na cha protini zetu za kusafirishwa, kwa hiyo ribosomu zetu huiingiza kwenye retikulamu endoplazimu (mtandao wa utando ndani ya seli) ikiwa bado inaundwa. Humo hukunjwa na kubandikwa sukari nyingi mno. Sukari hizo ni zetu, ndiyo maana kingamwili huhangaika kuishika. Ikifika Golgi (kituo cha seli cha kufungasha protini), furini, kimeng'enya chetu wenyewe, huikata kuwa gp120 na gp41. Isipokatwa, kirusi kitakachotoka hakiambukizi! Kisha vifuko huipeleka kwenye utando.

Gag, protini ya VVU inayojenga umbo lake la ndani, haipiti huko: huundwa kwenye saitoplazimu (ujiuji wa seli), hupachikwa mkia wa mafuta, ikajishika kwenye utando kwa ndani.

Kwa maoni yangu, kwenye furini ndipo tiba inapokuwa ngumu, maana ukizima furini unaumiza seli zetu pia. ARV za kuzuia proteasi hulenga kimeng'enya cha kirusi, kile kinachokata Gag. Kwenye CAT (jaribio la muhula) yenu hapo Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, usichanganye furini na proteasi.