Kwa mnaoingia kijijini na manila mpya

Wadogo zangu mnaoanza utafiti shirikishi wa afya, wiki iliyopita nimekaa nyuma ya mjadala wa kundi nikamsikia mwezeshaji akiuliza, "Tatizo kubwa hapa ni malaria, siyo?" Watu wakaitikia ndiyo. Wangeitikia hata kichaa cha mbwa. Naandika kabla sijapoa.

1. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hakikuvushi kwa mtendaji wa kijiji. Anzeni kwake.

2. Mwenyekiti asipange washiriki peke yake, mtahoji shemeji zake wote. WAJA, yaani wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanawajua wasioitwa mikutanoni, waulizeni. Ila msiwatume kuchukua ridhaa kwa majirani zao: mama atamkatalia vipi anayempimia mtoto uzito?

3. Ramani. Hapa tukae kidogo. Nikiwa msimamizi mpya, tuliwapa wanakijiji majivu, vijiti na vizibo vya soda wachore kijiji chao chini ya mwembe. Kizibo chekundu, kaya isiyo na choo. Waliviweka wenyewe, kwa utani na vicheko. Nikanakili yote kwenye manila, pamoja na majina ya wakuu wa kaya, nikaiacha ofisi ya kijiji, maana taarifa si mali ya jamii? Nilijiona Paulo Freire kabisa, yule mwalimu wa Brazil aliyetaka wanyonge wajielimishe wenyewe kwa mjadala. Haukupita muda mgambo wakaizungusha manila ileile nyumba kwa nyumba, wakitoza faini ya sheria ndogo. Bibi mmoja mjane, aliyeweka kizibo chake kwa mkono wake, alilipa kwa kuuza kuku. Niliporudi kutoa mrejesho aliniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, kumbe ulikuwa unaandika faini?" Sikuwa na jibu. Faini haikurudishwa, na mjadala uliofuata walikuja wenye vyoo tu. Siku hizi ramani inayobaki kijijini haina majina, na kabla ya kuchora tunakubaliana nani ataiona.

4. Tena msiniambie ushirikishwaji umeletwa na wafadhili. Watafiti akina Budd Hall na Marja-Liisa Swantz waliufanyia kazi Dar es Salaam miaka ya 1970. Kampeni ya Mtu ni Afya, 1973, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Wakajadili, wakachimba vyoo. Someni.

5. Nauli ilipwe siku ileile, na karatasi ya malipo isainiwe kabla ya soda. Baada ya soda hamtampata mtu.