Re: Kamera ya mbele na nyuma, betri haitakufa?

Mkuu, umeuliza ukiunga kamera ya gari ya kurekodi barabara (dashcam) kwenye fyuzi, gari likilala nje betri itakufa. Haifi kama kile kiboksi cha waya za kuungia kamera kina sehemu ya kukata umeme betri ikishuka, mi nimeseti ikate ikifika 12.2 volti na hapa Mikindani asubuhi nawasha freshi tu. Waya wa njano peleka fyuzi yenye moto (umeme) muda wote, nyekundu fyuzi inayopata moto ukifungua swichi, nyeusi ni ethi, unafunga kwenye nati ya bodi ya gari, na hapo kwangua rangi mpaka bati ling'ae maana chumvi ya bahari huku Mtwara inakula nati balaa. Waya wa kamera ya nyuma upitishe ndani ya ile mpira ya mlango wa buti. Fyuzi ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali) usiiguse kabisa nakuomba, na kwenye nguzo ya kioo cha mbele waya upite nyuma ya eabegi, sio mbele yake.