Mshono wa upasuaji ukianza kuuma upya

Mshono wa upasuaji wa uzazi unaweza kupendeza kwa nje huku ndani kuna usaha. Kwa miaka niliyosafisha vidonda wodi ya wazazi, swali langu la kwanza ni moja: maumivu yanapungua au yanapanda? Mzazi aliyetembea vizuri jana, leo anainuka ameshika ukuta, huyo namfungulia bandeji papo hapo.

Wekundu unaosemwa kila mahali usiutegemee sana kwenye ngozi nyeusi. Weka mgongo wa kiganja kando ya mshono. Pakiwa na joto kuliko upande wa pili, pamekuwa pagumu na panang'aa, rudi hospitali.

Kinachonipa kazi kuliko vyote ni kukanda. Mama mkwe kaja na ndoo ya maji ya moto na taulo, na nia yake njema kabisa. Mimi humwambia, "Mama, mkande mgongo na mabega, tumbo tuachie sisi." Hukubali, ukimwambia kwa heshima. Unga wa kapsuli nao usinyunyizwe juu ya mshono: unaganda, na unafunika kile tunachotaka kukiona.

Kabla ya upasuaji, oga kwa sabuni na usijinyoe kwa wembe, maana wembe huacha michubuko inayokaribisha vijidudu. Sindano ya antibiotiki hutolewa kabla ya kisu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka iwe ndani ya dakika 120 kabla. Upasuaji ukiisha salama, usidai vidonge vya wiki nzima vya "kinga".

Bandeji ibaki kavu kwa saa 48 za mwanzo. Baadaye kuoga ruksa, ila wenye tumbo lililokunjika wainue mkunjo na kukausha kwa kugusagusa na kitambaa safi. Hapo ndipo jasho hujificha.

Daktari akifungua nyuzi mbili tatu, ndugu huanza kunong'ona kuwa mgonjwa alishonwa vibaya. Hapana, ndiyo tiba yenyewe: usaha utoke, kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, kiwekwe gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), kijae nyama kuanzia chini. Antibiotiki huongezwa kukiwa na homa au uvimbe unaosambaa.

Maambukizi ya mshono huweza kujitokeza hadi siku ya 30, nyuzi zikiwa zimeshatolewa. Homa, harufu mbaya, au mshono kuachia: nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.