Kabla hujakubali mwaka wa mafunzo ya mzunguko

Dada, umemaliza udaktari wa mifugo pale Kabete, na kliniki ya mbwa na paka inakupa mwaka mmoja wa mafunzo ya mzunguko, yaani kupita kitengo kwa kitengo, unauliza ukubali? Usianze na mshahara. Omba ukeshe nao zamu moja. Mbwa mwenye parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu, akiletwa saa nane usiku, daktari mkuu anakuja, au anapokea simu tu? Mimi nilipoanza, nilimpasua mbwa jike mwenye usaha kizazini nikiwa peke yangu, maelekezo yakitoka kwenye spika ya simu. Alipona, lakini hayo si mafunzo, ni kuziba pengo la zamu. Waulize waliokutangulia, bosi akiwa mbali: walishika kisu mara ngapi, au walishika miguu ya mbwa tu? Ratiba ya upasuaji, dharura na eksirei wakupe kwa maandishi.