Vifaa vya kupanda milima kwa skii: kipi ushonewe Dar, kipi ukodi

Kaka, umeuliza kipi ushonewe Kariakoo kabla ya safari ya skii Uswisi. Mpe fundi mifuko ya vifaa na glavu za juu za kitambaa kisichopitisha maji, ila mishono izibwe, maana matundu ya sindano ndiyo yanayovuja. Skii, viatu na vifungio (vinavyoshika kiatu kwenye skii) kodi huko huko. Kiatu kisichooana na kifungio hakifai kitu.

Zile "ngozi", yaani vitambaa vya manyoya vya kubandika chini ya skii zisirudi nyuma ukipanda, ukinunua zako zikate ziache ukingo wa chuma wazi, milimita 2 hivi kila upande. Ukiufunika, skii haing'ati barafu ukivuka mteremko kwa ubavu. Joto la Dar huharibu gundi yake: usiziache garini juani. Zikaushe, zifunge kwenye mfuko, weka kwenye friji.

Transiva ya maporomoko ya theluji (kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa), koleo la alumini la kumfukua na fimbo ya kupima ya sentimita 240 au zaidi, ya kuchoma thelujini kumtafuta, usithubutu kuchongesha. Transiva huvaliwa mwilini. Ukiihifadhi itoe betri, zikivuja zinakula vigusio, vile vyuma vinavyopokea umeme wa betri.