Kutabiri mechi za Bowl za SEC

Ndugu, umeuliza kwa nini utabiri wako wa timu ipi itapangiwa mechi ipi ya Bowl (mechi za mwisho wa msimu za mpira wa Kimarekani wa vyuo) kati ya zile za SEC (ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani) hukosea ingawa unafuata msimamo. Msimamo hautoshi. Kwanza toa timu zinazoingia mtoano wa timu 12 wa kutafuta bingwa wa taifa, na kwa kawaida zenye ushindi chini ya 6. Kisha Citrus Bowl ya Orlando huchagua timu yake. Timu nyingi zinazobaki hupangwa na ofisi ya SEC yenyewe baada ya kusikiliza vyuo na waandaaji, kwa hiyo pima safari ya mashabiki: mwishoni mwa 2024 LSU, chuo cha Louisiana, ilicheza Texas Bowl pale Houston, jimbo jirani la Texas. Epuka pia kutabiri marudio ya mechi ya karibuni. Tafadhali, usikate tiketi ya ndege kabla ya tangazo la ratiba ya Bowl la Desemba.